Nieleze Kinachotokea Ndani: Linux kwa Vijana Wanaokwenda Kwenye Usaili

Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa skuli moja mjini Wete, Pemba, mbele ya vijana waliomaliza masomo ya kompyuta na wanaotafuta kazi. Wao wenyewe ndio walioniomba niyaandike, kwa ajili ya wenzao wa Chake na Mkoani ambao hawakuwahi kufika.

Assalaam alaykum.

Mwalimu mkuu, walimu wangu, wazee mliokuja na watoto wenu, na nyinyi wadogo zangu: ahsanteni kwa kuniita nyumbani. Nimeambiwa wengi wenu mnazo barua za kuitwa kwenye usaili Unguja na Dar es Salaam, kazi za kusimamia seva, yaani kompyuta zinazozihudumia nyingine, kazi za mtandao, kazi za kuwasaidia watu na kompyuta zao maofisini. Na nimeonyeshwa barua tatu hapa, zote zimetaja Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows. Ndiyo sababu nimepanda boti kuja.

Nianze na usaili wangu wa kwanza. Nilikesha siku tatu nikihifadhi. Nilikuwa na daftari la kurasa arubaini, kila ukurasa neno moja na maana yake. Nikaingia chumbani, nikakaa, msaili mmoja, mama wa makamo, akaniuliza: "Linux ni nini?" Nikamtolea sentensi yangu bila kukwama: ni mfumo endeshi wa chanzo huria unaofanana na Unix. Akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza la pili: "Ukiandika ls ukabonyeza Enter, hutokea nini mpaka majina ya mafaili yakaonekana kwenye kioo?" Nikanyamaza. Daftari langu lilikuwa na ukurasa wa ls, umeandikwa "huorodhesha mafaili". Nikasema hivyo. Akasubiri niendelee, na mimi sikuwa na la kuendelea nalo. Kazi ile sikuipata, na haki ilitendeka.

Mimi nimesoma chuo cha Qur'ani kama nyinyi, najua thamani ya kuhifadhi, na simkatazi mtu. Lakini msaili anayejua kazi yake hatafuti mtu wa kumtafsiria maneno. Anatafuta mtu ambaye seva ikigoma saa saba usiku ataweza kufuata mambo hatua kwa hatua mpaka aone yalipokatika. Kwa hiyo leo nataka jambo moja tu kutoka kwenu. Kila neno la Linux mnalolijua, muweze kusimulia kinachotokea ndani yake. Anzeni na swali lile lililonishinda mimi.

Unapoandika ls, wa kwanza kukusikia ni sheli. Sheli ni programu tu, mara nyingi huitwa Bash, kazi yake ni kusoma ulichoandika na kukitafutia mtendaji. Inalitazama neno ls, inapita folda moja baada ya nyingine katika orodha iitwayo PATH, mpaka inakuta faili la programu lenye jina hilo. Kwenye mashine nyingi liko /usr/bin/ls. Sasa sheli inaiomba kerneli, kiini cha mfumo nitakachokieleza punde, imzalishie mtoto, nakala yake yenyewe, kwa wito unaoitwa fork. Yule mtoto anavua usheli wake na kuvaa uls, kwa wito wa exec. Hapo ls imekuwa mchakato, yaani programu iliyo kazini, imepewa namba yake.

Lakini ls haina uwezo wa kuigusa diski. Nayo inaomba: nifungulie folda hii, nisomee majina yaliyomo. Kerneli inatazama anayeuliza ni nani na ana ruhusa gani. Ikiridhika, inasoma na kumpa. ls inayaandika majina kwenye njia yake ya kutolea, namba 1, ambayo imeunganishwa na kioo chako. Ikimaliza inakufa, na inaacha namba ya matokeo: sifuri kama mambo yalikuwa salama, namba nyingine kama kulikuwa na kasoro. Mzazi wake, sheli, alikuwa akisubiri. Anaipokea namba ile, na wewe unarudishiwa mahali pa kuandika amri nyingine. Ukitaka kuiona namba yenyewe, andika echo $? hapo hapo.

Yote haya yamekwisha kabla hujainua kidole kwenye kibodi. Na angalieni tumepita wapi: sheli, kerneli, mchakato, faili, ruhusa. Msaili akikuuliza lolote kati ya hayo, una hadithi ya kurudi kwake.

Kerneli ndiyo kiini, na kwa hakika ndiyo peke yake inayostahiki jina la Linux. Mwenye mzigo wake pale bandarini Mkoani hashuki ndani ya meli kujitwalia gunia. Anapeleka karatasi, watu wa bandari wanaitazama, wanamtolea. Programu zote, kubwa na ndogo, zinaishi hivyo. Memori, diski, kadi ya mtandao, muda wa prosesa, vyote viko mikononi mwa kerneli, na programu huvipata kwa kuomba tu. Ndiyo maana programu moja ikichanganyikiwa, mashine nzima huwa haianguki nayo.

Historia wataigusa kwa swali moja, basi ijueni kwa uchache na ijueni sawasawa. Unix, mfumo endeshi ambao Linux inafanana nao, ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1983 Richard Stallman akatangaza mradi wa GNU, kutengeneza mfumo kama Unix ambao kila mtu ana haki ya kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, akatangaza kwamba anaandika mfumo endeshi wake kwa kujifurahisha. Alichokiandika kilikuwa kerneli. GNU walikuwa na zana bila ya kerneli iliyokamilika, yeye alikuwa na kerneli inayohitaji zana. Vikakutana. Hiyo ls tuliyoisimulia haikutoka kwa Torvalds, imetoka GNU. Mwaka 1992 akaiweka kerneli chini ya leseni ya GPL, ile ya GNU yenye kulinda haki hizo, na toka hapo imekuwa huru kwa wote.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu lugha yetu inatupa hapa kitu ambacho Waingereza wamekikosa. Wao wana neno moja, free, kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa, na Stallman amelazimika kulifafanua maisha yake yote. Sisi tunayo mawili. Bure ni bure, na huru ni huru. Linux ni huru. Kwamba mara nyingi pia ni bure, hilo ni jambo jingine, na ziko kampuni kama Red Hat zinazouza huduma juu yake kwa fedha nyingi. Mkiulizwa chanzo huria maana yake nini, msijibu "ya bure".

Kerneli ikifungwa pamoja na zana, na njia ya kuweka programu, ndipo tunapata kile kinachoitwa distro. Debian ilianza mwaka 1993. Ubuntu ilitoka kwanza mwaka 2004, imejengwa juu ya Debian, na aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Ubuntu kwa Kizulu na Kixhosa ni utu wetu huu huu. Mtakayokutana nayo kwenye usaili ni tofauti ndogo za kikazi: kwenye Debian na Ubuntu programu huwekwa kwa apt, kwa jamaa za Red Hat huwekwa kwa dnf. Logi, yaani kumbukumbu, za walioingia na waliokataliwa kwa desturi ziko /var/log/auth.log kwa Debian na Ubuntu, na /var/log/secure kwa jamaa za Red Hat. Yatosha.

Sasa ruhusa. Hapa ndipo wengi huanguka, na sisi wa visiwa hivi hatuna udhuru wa kuanguka hapa.

Fikirini nyumba zetu. Nje kuna baraza, mpita njia yeyote anakaribishwa akae, anywe kahawa, azungumze. Ndani kuna ukumbi, hapo huingia ndugu na watu wa nyumba. Na kuna chumba, cha mwenyewe. Linux imejengwa hivyo hivyo. Kila faili lina mwenyewe, lina kundi, na lina wengineo, yaani chumba, ukumbi na baraza. Kwa kila daraja kuna ruhusa tatu: r ya kusoma, w ya kuandika, x ya kuendesha. r ni 4, w ni 2, x ni 1, unajumlisha. Kwa hiyo 640 maana yake mwenyewe anasoma na kuandika, kundi linasoma tu, wa barazani hapati kitu.

Hilo mnalijua. Lenye kuwatofautisha nyinyi na wengine ni haya. Kwanza, kerneli huuliza kwa mpangilio. Wewe ndiye mwenyewe? Kama ndiye, inatumia ruhusa za mwenyewe na haitazami zaidi. Mwenye faili aliyejinyima kusoma atakataliwa, hata kama wa barazani wameruhusiwa. Pili, kwenye folda herufi hizi hubadilika maana. r ni ruhusa ya kuuliza waliomo ndani ni akina nani. x ni ruhusa ya kupita mlangoni. Unaweza kupita bila kupewa orodha, ukamwendea unayemjua kwa jina. Na unaweza kupewa orodha bila kupita. Tatu, nalo huulizwa sana: kufuta faili hakutegemei ruhusa ya faili, kunategemea ruhusa ya kuandika kwenye folda lililomo. Faili lisiloandikika kabisa linaweza kufutwa na mtu mwenye w na x kwenye folda. Ndiyo sababu folda ya /tmp, ambayo kila mtu anaandika humo, imewekewa alama ya ziada, ruhusa zake ni 1777, ili mtu asifute cha mwenzake.

Na msaili akikwambia, "Programu yetu inalalamika imenyimwa ruhusa, utafanyaje?", usimjibu chmod 777, yaani kumfungulia kila mtu kila kitu. Nimekaa upande wa pili wa meza miaka kadhaa sasa, na jibu hilo huwa naliandika pembeni. Umeniambia kwamba mlango wa chumba ukikwama, unabomoa ukuta wa barazani. Jibu: natazama programu inaendeshwa na mtumiaji yupi, natazama kwa ls -l mwenye faili ni nani, natazama folda zote za njiani kama zinapitika, kisha naongeza ile ruhusa moja iliyokosekana.

Turudi kwa yule mtoto wa sheli. Kila mchakato wa kawaida kwenye Linux una mzazi, isipokuwa mchakato namba 1, ambao huanzishwa na kerneli yenyewe, na siku hizi kwa kawaida huwa ni systemd. Mzazi akifa kabla ya mtoto, mtoto ni yatima, na kwa kawaida namba 1 humchukua akamlea. Mtoto akifa kabla ya mzazi, anaacha ile namba ya matokeo, na kerneli inamweka kwenye orodha mpaka mzazi aje kuipokea. Mzazi asipokuja, mtoto anabaki pale, hatumii memori wala prosesa, ameshika mstari mmoja tu kwenye orodha. Huyo anaitwa zombi. Watakuuliza: utamuuaje zombi? Usiseme kill -9, amri ya kuua mchakato kwa nguvu. Amekwisha kufa, huuwi maiti. Aliye na kosa ni mzazi asiyekuja. Mzazi akirekebishwa au akizimwa, zombi huondoka.

Na kuhusu kill, ishara mbili mzijue kwa moyo. Namba 15 ni kumwambia mchakato: malizia ulichoshika, funga, ondoka. Mchakato unaweza kusikia, ukaandika data zake, ukafunga mafaili yake. Namba 9 haisikilizwi wala haizuiliki, kerneli inaukata hapo hapo. Hifadhidata iliyokatwa kwa 9 katikati ya kuandika inaweza kukuamshia kazi ya siku mbili. Anzeni na 15, mpeni muda, na 9 iwe ya mwisho.

Nakumbuka nilikuwa nasoma Unguja umeme ulipokatika Desemba 2009, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu kisiwa kizima kikaishi kwa majenereta, na majenereta huzimika bila kuaga. Kila kuzimika kulikuwa ni sawa na namba 9 kwa mashine nzima. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini mfumo wa mafaili kama ext4 una jarida: kabla ya kubadilisha mpangilio wa diski, hujiandikia kwanza kinachotaka kufanywa, ili umeme ukirudi ijulikane kipi kilikamilika na kipi kitupwe. Jarida hulinda mpangilio wa diski. Halikuhakikishii kwamba barua uliyokuwa ukiiandika imo. Wengi huchanganya hayo mawili.

Sasa nifikie swali ninalolipenda kuliko yote, na ambalo mimi mwenyewe huwauliza vijana: "Diski ya seva imejaa. df, amri ya kupima nafasi ya diski, inasema asilimia 100. Ukijumlisha mafaili yote kwa du, unapata nusu tu. Nusu nyingine iko wapi?"

Ili ulijibu, lazima ujue jina la faili si faili. Hapa Wete kila mtu ana jina la cheti, ana jina la nyumbani, ana lakabu aliyopewa uwanjani. Majina matatu, mtu mmoja. Faili la Linux ni vivyo hivyo. Faili lenyewe linawakilishwa na inodi, rekodi yenye namba, ambamo mna mwenyewe, ruhusa, ukubwa, tarehe, na data ziko wapi kwenye diski. Jina halimo humo. Jina limo kwenye folda, ambayo ni orodha ya majina na namba za inodi. Kwa hiyo faili moja linaweza kuwa na majina mawili au kumi, na yote ni sawa, hakuna la asili. Hicho ndicho kiungo kigumu. Kiungo laini ni kitu kingine kabisa: ni kikaratasi kilichoandikwa "nenda nyumba ya fulani". Fulani akihama, kikaratasi kinabaki na anwani isiyo na mtu. Na kwa kuwa namba za inodi ni za diski hiyo moja, kiungo kigumu hakivuki kwenda mfumo mwingine wa mafaili. Kiungo laini huvuka.

Basi amri ya rm hufanya nini? Inafuta jina. Majina yote yakiisha, na hakuna mchakato wowote ulioshika faili lile wazi, ndipo kerneli inaachia nafasi. Yale masharti ni mawili, na jibu la swali langu liko kwenye la pili. Kuna mtu aliona logi imekua, akaifuta kwa rm. Jina likaondoka, du haikuliona tena. Lakini programu inayoandika logi ile bado imelishika faili, na inaendelea kuliandika, halina jina na linakua. df inaliona kwa sababu nafasi kweli imechukuliwa. Unatafuta kwa lsof +L1, inakuonyesha mafaili yaliyofunguliwa yasiyo na jina na nani ameyashika. Unaianzisha upya huduma ile, nafasi inarudi.

Kijana akinijibu hivyo, siulizi tena cheti chake cha chuo gani. Akiongeza kwamba angetazama pia df -i, kwa sababu inodi zaweza kwisha ilhali nafasi ipo, pale ambapo programu imezaa mamilioni ya mafaili madogo madogo, basi najua ameshawahi kuhangaika na mashine.

Memori kwa ufupi. Mtaonyeshwa matokeo ya amri ya free, safu ya memori tupu ina kidogo sana, mtaulizwa kama seva iko taabani. Msikurupuke. Linux huitumia memori isiyo na kazi kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, na huirudisha programu ikiihitaji. Tazameni safu ya available, na tazameni kama swap, sehemu ya diski inayosaidia memori, inatumika kwa nguvu. Kuwaka kwa mashine nako ni kwa ufupi: UEFI au BIOS, programu iliyo ndani ya mashine yenyewe, huamsha vifaa, GRUB humpakia kerneli pamoja na mfumo mdogo wa muda, kerneli inapata diski ya kweli, inaanzisha namba 1, na namba 1 inaanzisha huduma. Mtandao: SSH, njia ya kuingia mashine ya mbali, iko poti 22, tovuti ni 80 na 443, DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, ni 53, na kuona nani anasikiliza wapi ni ss -tlnp.

Nataka kukaa zaidi kwenye saa, kwa sababu hili sijalikuta kwenye vitabu vya maandalizi vilivyoandikwa Ulaya.

Amri za kuendeshwa kwa wakati maalumu huwekwa kwenye cron, kwa safu tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, siku ya wiki. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliambiwa niweke bekapu ya kila siku saa mbili usiku. Nikaandika 0 2 * * *. Saa mbili usiku, namba mbili. Kumbe cron haijui saa zetu. Mbili yake ni saa nane usiku, na saa nane ofisi ile ilikuwa imekwisha kuzima jenereta tangu saa tano. Wiki tatu bekapu haikufanyika hata mara moja, na mimi nilidhani ipo. Saa mbili usiku yetu ni 0 20 * * *. Na kama seva imewekwa kwa saa za UTC, saa za kulinganishia za dunia nzima, kama zilivyo seva nyingi za kukodi, basi toa tatu, ni 0 17 * * *, maana sisi tuko mbele kwa saa tatu mwaka mzima. Kwa hiyo mkipewa swali la cron, kabla ya kuandika chochote ulizeni: seva iko kwenye saa za wapi? Andikeni timedatectl mtazame. Mimi nikiulizwa hivyo na kijana, moyo wangu hutulia.

Na ndani kabisa Linux haihesabu saa wala siku. Inahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku ya UTC, ambayo kwetu hapa ilikuwa saa tisa usiku. Mifumo ya zamani iliyoitunza hesabu hiyo kwa biti 32 itafika mwisho wa namba tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Pemba. Kerneli za sasa zimekwisha kuandaliwa. Vifaa vya zamani vilivyosahauliwa ukutani ndivyo vitakavyohitaji watu kama nyinyi.

Kuna aliyeniuliza nje kabla hatujaanza: "Kaka, usaili ni kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza changu kinakwama." Nakujibu mbele ya wenzako kwa sababu si wewe peke yako. Jambo lielewe kwanza kwa Kiswahili, mpaka uweze kumweleza bibi yako kwa nini bekapu haikufanyika. Aliyeelewa hutafuta maneno machache na akayapata. Asiyeelewa, hata akijua Kiingereza cha bungeni, atakwama pale pale nilipokwama mimi, kwenye swali la pili. Na ukifika pahala hujui, sema hujui, kisha sema ungetazama wapi. Wasaili wazuri huthamini hilo kuliko mnavyodhani.

Vifaa visiwe kisingizio. Kompyuta kuukuu iliyoshindwa na Windows mpya mara nyingi huendesha Linux bila taabu. Mwenye Windows aweke WSL, Linux ndani ya Windows, au mashine bandia kwa VirtualBox. Asiye na kompyuta ana simu ya Android, na chini ya Android ni kerneli hii hii ya Linux. Akiweka Termux ana sheli mkononi. Na bando likiisha, andika man na jina la amri. Kwenye distro nyingi maelezo yote yamo ndani ya mashine, hayahitaji mtandao. Mimi nilijifunza kwa man zaidi ya nilivyojifunza kwa mwalimu yeyote.

Mwalimu mkuu ametupa kompyuta sita pale ukutani, zote zina Debian, zimewashwa. Tutakaa wanne wanne. Kazi ya kwanza ni ile ya nusu iliyopotea. Mtatengeneza faili kubwa, mtalifungua kwa tail -f kwenye dirisha moja, mtalifuta kwa rm kwenye dirisha la pili, kisha mtatazama df na du zinavyopingana. Mkishaliona faili lisilo na jina kwa macho yenu, mmoja wa kila kundi atasimama hapa anisimulie, kwa Kiswahili kwanza, kimetokea nini ndani. Wasichana wa mstari wa nyuma, nyinyi anzeni na ile ya kwanza karibu na mlango.